Ruffin, Unanisikia?

Kwa miaka miwili, kila Jumapili mchana, kabla mpira haujapigwa teke la kwanza, mtu aliyekufa alikuwa akiniita kwa jina, nami nikimwitikia. Mji mzima wa Kamina ulitusikia tukiitana, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu.

Yeye alianza hivi, kwa Kiswahili chetu cha Kamina ambacho njo minyi ni ndiye mimi: "Bantu ya Kamina, bonjour! Hapa studio, njo minyi Amédée Nyembo. Kule ku stade, njo Ruffin. Ruffin, unanisikia?"

Nami, nikiwa nimekaa kwenye meza yangu ya mbao kando ya uwanja, simu sikioni, niliitikia kwa mdomo wote: "Minakusikia bien, Amédée!" Kisha refa alipuliza filimbi.

Sauti yake ilikuwa rekodi. Tuliirekodi mchana mmoja tukicheka, mimi na yeye, tukiwa ndio vijana wawili wa michezo katika redio ndogo kuliko zote mkoani. Mwaka uliofuata alikwenda kutangaza mashindano ya vijiji vya ziwani, huko ng'ambo ya Bukama. Mtumbwi uliokuwa ukimrudisha ulizama. Lualaba, mto wetu mkubwa, ilirudisha begi lake na kiatu kimoja. Yeye mwenyewe haikumrudisha hadi leo, na ni mwaka wa pili sasa.

Hayo Kamina inayajua. Kuna jambo ambalo Kamina haikulijua, nalo ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Kwetu, mtu akifa, familia huandika tangazo na kulileta redioni. Tunaliita avis. Mtangazaji hulisoma mara tatu, ili walioko mashambani, walioko kwenye vituo vya reli na walioko sokoni wote wasikie. Mtu ambaye avis yake haijasomwa, wazee husema bado yuko njiani. Avis ya Amédée iliandikwa na mjomba wake, mzee Monga, kwa wino mwekundu, ikakunjwa mara nne, ikatiwa mkononi mwangu kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nikamwambia nitaisoma. Nikaitia kwenye droo, chini ya betri zilizokufa na ratiba za ligi, nikafunga.

Sikuisoma. Na hakuna aliyegundua, maana katika nyumba ya kilio redio haifunguliwi, na nusu ya mji ilikuwa imekaa katika kilio cha Amédée. Waliokuwa kilioni walidhani waliobaki nyumbani walisikia. Waliobaki nyumbani wakadhani ilisomwa walipokuwa kisimani. Mdomo wangu huu mkubwa, unaojua kupiga kelele goli likiingia, ulinyamaza siku moja tu iliyokuwa na maana.

Jumapili hiyo ninayoisimulia, Delphine alikuja studio asubuhi.

Delphine ni mjane wa Amédée. Ni binti wa watu wa reli, fundi wa kushona. Jezi zote za ligi yetu, namba za mgongoni huzishona yeye, barazani kwake, kwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Alikuwa amevaa nguo yake ya kilio, nyeusi iliyochujuka hadi kuwa rangi ya majivu, na kitambaa kichwani. Miaka miwili nguo hiyo hiyo. Alibeba mikononi jezi za Éclair, ambazo timu huja kuzichukua studio, akaziweka mezani, akanitazama. Mimi nikitazamwa na Delphine sijui mikono yangu niiweke wapi. Nampenda. Nilimwambia hivyo masika yaliyopita, naye akanijibu kwa upole kwamba mwanamke aliye ndani ya kilio hana masikio ya maneno hayo, nimngoje kilio kiishe. Nikawa namngoja.

"Mapema hivi?" nikasema. "Misa iliisha?"

"Nilitoka mbele ya communion. Ruffin, mama alikubali."

"Alikubali nini?"

"Kumaliza kilio!" Aliketi ghafla, kama aliyekatwa miguu. "Banikate nywele, banisukule na maji, nitoe hii nguo. Mama Émerence mwenyewe, mama ya Amédée, alisema. Lakini anaomba kitu kimoja. Anaomba muntu mumoja tu, mwenye alisikia avis ya Amédée ku radio."

Macho yangu yalikwenda kwenye droo.

"Anasema, mwili yake hatukuiona, kaburi hatuna," akaendelea. "Kama avis nayo hakuna mwenye aliisikia, atamaliza kilio ya nani? Basi nilizunguka, Ruffin. Siku ine. Nilienda kwa ba Mulumba, nilienda kwa mama Umba, nilienda mpaka ku camp ya reli. Kila muntu: 'Minyi nilikuwa ku kilio, mama. Na mu kilio nani anafungulaka radio?' Bote! Hata mumoja hakusikia. Jana jioni nikajicheka. Nikasema, Delphine, weye uko mujinga! Muntu mwenye alisikia, njo mwenye alisoma."

Akatabasamu. Sikuwa nimeyaona meno yake tangu sijui lini.

"Ukuye ku nyumba ya mama leo, mbele ya match. Useme mbele ya mama: minyi nilisoma. Basi. Inaisha."

Nyuma ya kioo, Gloire, fundi wetu wa mitambo, mama wa watoto wanne mwenye masikio ya sungura, aliacha kubonyeza vitufe vyake.

"Na kama haiishi leo?" nikamuuliza Delphine.

Tabasamu likaondoka. "Kaka yangu alipiga simu. Train iko déjà ku Kaniama, kesho itaingia hapa. Valise yangu iko tayari. Kama haiishi leo, minaenda Likasi kwa kaka, na sirudi. Siwezi tena, Ruffin. Hapa bantu habanisalimiake na jina yangu. Banasema, mujane ya Amédée. Watoto banasema, mama wa kilio. Niko na miaka makumi tatu na moja."

Fikirini nilivyokuwa. Neno moja tu lilikuwa kati yangu na mwanamke huyu. Nilisoma. Mimi ni mtu wa kusema. Nimewahi kutangaza mechi dakika ishirini nzima ukungu umefunika uwanja, sioni hata mchezaji mmoja, na watu wakanipongeza. Neno hili moja lingenishinda nini?

Lakini alikuwa akinitazama kwa imani yote. Mkono wangu ukavuta droo wenyewe. Nikaondoa betri, nikaondoa ratiba, nikaiweka ile karatasi mezani juu ya jezi.

Delphine aliujua ule wino mwekundu. Hakuikunjua. Aliligusa tu jina la mume wake lililoandikwa juu yake, kwa kidole kilichotobolewa na sindano.

"Hii iko karatasi ya papa Monga."

"Njo yenyewe."

"Ruffin. Haukusoma?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alicheka kidogo, cheko la mtu asiyeamini. Kisha akauliza sababu, kwa sauti ya chini sana, "Juu ya nini?"

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Nikamwambia yeye, ambaye ndiye hakupaswa kusikia.

"Siku baliniletea habari ya kifo, nilikuwa nimesimama pale ku mulango. Mbele machozi ianguke, nilipumua mara moja. Na mu ile pumzi nilikuwaza weye. Nilisema mu roho: sasa Delphine iko peke yake. Pumzi moja tu, Delphine, nakuapia. Kisha nikalia mpaka nikatapika. Lakini ilikuwa imepita. Nikaogopa. Niliona kama nikisoma ile avis, bantu bote batasikia ile pumzi mu sauti yangu. Amédée mwenyewe atasikia."

Kidole chake kilibaki juu ya lile jina. Nje, mtu alikuwa akipita na baiskeli yenye mnyororo mbovu, na tulimsikia hadi akapotea.

"Na ile sauti yake?" akauliza. "Kila dimanche unamuamusha, anakuita, unamuitika. Ile nayo juu ya nini?"

"Niliifanya kwa ajili yako. Niliwaza unapenda kumusikia."

"Minyi?" Akasimama. "Minyi, Ruffin? Kila dimanche, saa ya mpira, minafunga mulango, minatia bidole mu masikio! Minakaa chini ya cherehani sawa mwizi, mpaka anamaliza kukuita! Niliwaza ni weye njo mwenye hauwezi kumuacha. Nikasema, acha nivumilie, ni rafiki yake, iko na maumivu."

Miaka miwili nilimpa zawadi kila Jumapili, na miaka miwili zawadi yangu ilimtia chini ya cherehani.

"Ulinipenda," akasema, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta, "kisha ukanifunga kamba. Nguo hii haikunivalisha mama. Ulinivalisha weye."

"Delphine, minaenda kwa mama. Nitamuambia nilisoma. Leo hii."

"Utamudanganya?"

"Kama itakutoa mu kilio, nitamudanganya."

Macho yake yalinipima kama anavyopima kitambaa kabla ya kukikata.

"Fanya yenye roho yako inakuambia," akasema. "Minyi kesho niko ku gare ya train."

Akatoka. Jezi zilibaki mezani, na juu yazo karatasi. Gloire alijitia anatafuta kitu chini ya meza. Nilipoichukua ile karatasi na kuitia mfuko wa shati, nilihisi imenichoma, ingawa ilikuwa karatasi tu.

Nilikwenda kwa mama Émerence nikiwa nimeazimia kusema uongo. Nasema wazi, maana baadaye watu walinisifu kwa kitu ambacho sikukusudia.

Anakaa mtaa wa zamani, kwenye nyumba ya matofali mabichi aliyojengewa na mwanawe. Nilimkuta uani akimenya karanga ndani ya ungo. Pembeni yake kulikuwa na kiti cha mbao chenye mikono, na juu ya kiti, redio. Ilikuwa imepanguswa vumbi. Chini yake ametandika kitambaa cheupe kilichotariziwa. Mbele ya kiti, kwenye kigoda, kulikuwa na kikombe cha maji kilichofunikwa kwa kisahani.

"Wafwako, lolo," nikamsalimu kwa Kiluba chake, ambacho lolo ni mama, nikainama. Nilikuwa nimechoka kwa jua, nikataka kuisogeza redio niketi.

"Haiko pale, mutoto wangu," akasema bila kuinua kichwa. "Ile kiti iko na muntu. Vuta kigoda ingine."

Nikavuta kigoda.

"Delphine alikukuta?"

"Alinikuta, lolo."

"Basi sema."

Nililitengeneza koo langu kama ninavyolitengeneza kabla ya filimbi. "Lolo, ile avis ya Amédée, minyi nili..."

"Ulilia?" akanikatiza. "Pale ulikuwa unasoma, ulilia, ao sauti ilikuwa nguvu? Minataka tu kuyua hii. Sikukuwa karibu na radio. Niambie ilikuwa namna gani."

Sasa mama anayeuliza swali kama hilo, akiwa na karanga mkononi, utamjibu nini? Ningeweza kubuni machozi. Nimebuni mashuti, nimebuni kona, nimebuni mashabiki wakivua mashati. Nikaitazama ile redio iliyokaa kwenye kiti cha rafiki yangu, ikinitazama kwa kitufe chake kimoja.

"Sikusoma, lolo."

Karanga zikaendelea kudondoka kwenye ungo, moja moja.

"Minayua," akasema.

"Unayua tangu lini?"

"Tangu dimanche ya kwanza. Alikuita, ukamuitika. Muntu mwenye alisoma kifo ya rafiki yake na kinywa yake mwenyewe, hawezi kumuitika tena. Angenyamaza."

"Lolo, miaka mbili! Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema nini?" Kwa mara ya kwanza akanitazama. Ana macho ya Amédée. Huwa sipendi kuyaangalia. "Sauti ya mutoto wangu ilikuwa inakuya kila dimanche. Minamuwekea maji. Anasema bonjour, anakuita, anaenda. Weye ulikuwa muoga, na minyi niko mama. Tulisaidiana."

Alipepeta ungo, maganda yakaruka.

"Ni ule mutoto wa bantu njo tulimukosea. Hii juma alipiga magoti hapa mbele yangu, kitambaa ikateleza, nikaona kichwa yake. Iko na mvi, Ruffin. Alifika mu hii nyumba na nywele sawa ya mutoto mudogo, na sasa iko na mvi, na minyi niko nazeeka naye pamoja. Nikasikia haya mbele ya Vidye, Mungu wetu. Njo maana nilimutuma atafute muntu mwenye alisikia. Niliyua hatamupata. Niliyua ataishia kwako."

"Ulikuwa unaniita minyi."

"Nilikuwa nakuita weye. Karatasi iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni. Nikataka kuikunjua, nimsomee pale pale, nimalize. Akanizuia kwa kiganja kilichojaa vumbi la karanga.

"Apana. Usinisomee minyi. Minyi minayua mutoto wangu alikufa. Ni redio njo haiyui."

Nilifika uwanjani nimechelewa. Timu zilikuwa zinapasha misuli, Éclair na Tembo, fainali ya msimu, watu wamejaa hadi juu ya ukuta. Kwetu mtu haendi uwanjani bila redio yake. Anaangalia mechi kwa macho na kuisikiliza kwangu kwa masikio, ili ajue kama alichokiona ni kweli. Nikaketi kwenye meza yangu, nikampigia Gloire studio.

"Leo uniwekee générique, ile sauti ya Amédée," nikamwambia. "Ni mara ya mwisho."

"Ruffin, uko sûr?"

"Weka. Na kisha, hata ukisikia nini, usikate laini."

"Niko naomba, Ruffin," akasema, na najua aliomba kweli.

Muziki ukaanza. Kisha yeye. Sauti yake ilitoka kwenye redio mia mbili kuzunguka uwanja kwa wakati mmoja, nyembamba, yenye furaha, isiyozeeka hata siku moja.

"Bantu ya Kamina, bonjour! Hapa studio, njo minyi Amédée Nyembo. Kule ku stade, njo Ruffin. Ruffin, unanisikia?"

Sikuitikia. Ukimya ulikaa hewani. Waliozoea redio wanajua, sekunde tatu za kimya ni shimo. Nilisubiri zaidi ya tatu. Vichwa vikaanza kunigeukia. Refa, filimbi mdomoni, akanitazama.

"Minakusikia, Amédée," nikasema. "Niko na karatasi yako. Unisamehe, ndugu yangu, nilichelewa."

Nikaikunjua. Katika miaka miwili sikuwahi kuikunjua hata mara moja. Nikasoma.

"Familia Nyembo, barafiki na bajirani, biko na huzuni munene ya kuyulisha bantu bote ya Kamina, ya Bukama na ya Kabondo-Dianda, kifo ya mutoto wabo Amédée Nyembo, muntu wa radio, mwenye maji ya Lualaba ilibeba. Anaacha mama yake, Émerence. Anaacha bibi yake, Delphine. Anaacha..."

Hapo nikasimama. Wino mwekundu ulikuwa umefifia kwenye mkunjo, lakini ulisomeka.

"Anaacha ndugu yake Ruffin, mwenye anawasomea hii karatasi, kwa sababu hatuna muntu mwingine mwenye anaweza. Tunamuomba kwanza alie."

Mzee Monga alikuwa ameniandika. Siku ile ile aliniweka kwenye orodha ya wafiwa, mstari mmoja chini ya Delphine. Na mimi miaka miwili nilikuwa nimejificha nje ya kilio ambacho jina langu lilikuwa ndani yake.

Avis husomwa mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kwa sauti ya kazi. Mara ya pili sauti ilivunjika kwenye jina la mama yake. Mara ya tatu nililia, tena nililia vibaya, kwa makamasi, redioni, mbele ya fainali, na sauti yangu ya kilio ikanirudia kutoka kwenye redio zote zile kwa kuchelewa kidogo, kana kwamba kuna mwingine alikuwa akilia pamoja nami. Nilipoinua macho, wachezaji ishirini na wawili walikuwa wamesimama, na wazee jukwaani wamevua kofia.

Na ile pumzi? Niliingoja. Nilitega sikio langu mwenyewe nione kama itasikika. Kama ilisikika, ilikuwa ni pumzi ya mtu aliyefiwa, kama wengine.

Mechi ilichezwa. Niliitangaza yote, maana ndiyo kazi. Lakini kipindi cha pili niliona watu wakiondoka mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, na najua njia waliyoishika haikuwa ya sokoni.

Jua lilikuwa limelala upande nilipofika kwa mama Émerence. Ua ulikuwa umejaa kama siku ya msiba mbichi. Wanawake walikuwa wameketi chini, wameshika vichwa, wakimtaja Amédée kwa majina yake yote. Moto ulikuwa umewashwa, masufuria yameletwa. Kamina ilikuwa imesikia kwamba Amédée Nyembo amekufa, ikaja.

Mama Émerence alikuwa katikati yao, uso umevimba kwa machozi. Aliponiona aliniita kwa mkono. Nikapita kati ya watu nikainama mbele yake.

"Nani alishinda?" akanong'ona. "Tulifunga redio. Mu kilio haifungulwake."

"Éclair, lolo. Mbili kwa moja."

"Ile timu njo yake," akasema. "Angefurahi."

Redio ilikuwa chini, kando ya ukuta, imefungwa kwa kile kitambaa cheupe. Kikombe cha maji kilikuwa kimemwagwa. Niliona udongo bado umelowa. Kiti kilikuwa kitupu. Mama akaugonga mkono wa kiti kwa kiganja.

"Keti."

"Lolo, ile ni kiti ya..."

"Ilikuwa na muntu. Alienda. Keti, ndugu yake."

Nikaketi. Mgongo wangu uligusa mbao aliyoiegemea yeye, nikasubiri kuogopa, hofu haikuja. Kilichokuja ni huzuni tu, huzuni ya kawaida, ambayo wenzangu wote waliipata miaka miwili kabla yangu.

Ndipo nikamwona Delphine. Alikuwa akipita kati ya wanawake, akitandika vitenge chini kwa ajili ya wanaoendelea kuingia. Cha buluu, cha njano, kimoja chenye ndege, kipya, bado kina mikunjo ya kukunjwa. Nilijiuliza vimetoka wapi. Kisha nikaona sanduku lake, mlangoni, liko wazi.

Alifika kwangu na kitenge cha mwisho mikononi. Macho yetu yalikutana, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hayakukimbiana.

"Unaangalia nini?" akauliza.

"Valise."

"Iko tupu. Bantu balikuwa bengi, mikeka haikutosha."

"Na train?"

"Kesho asubuhi batanikata nywele." Alikitandika kitenge karibu na miguu yangu, akakinyoosha kwa viganja, taratibu, kama anavyonyoosha jezi kabla ya kuishona namba. "Sikukusamehe, Ruffin. Bado. Usiwaze iliisha kwa sababu ulilia ku radio."

"Siwazi vile."

"Lakini nilikusikia. Mara zote tatu. Sikutia bidole mu masikio." Akainuka, akajifuta uso kwa upindo wa nguo yake ya kilio, nguo iliyobakiza usiku mmoja. "Dimanche yenye inakuya, minafungula mulango. Unaanza match na sauti yako weye peke yako. Useme muzuri."

Mtu wa maneno mimi, nikaitikia kwa kichwa.

Kisha akaenda kuketi kati ya wanawake, akamlilia mume wake.